Kifaru Kisicho na Boliti

Holtwede, 3 Septemba 2013

Bibi Gesine mpendwa,

Nimemdanganya Babu, na hakuna niliyemwambia ila wewe. Hata Mama hajui. Nimekuchagua kwa sababu wewe ni dada yake, na kwa sababu husikii simu, kwa hiyo sitalazimika kulisema kwa mdomo. Unanijua. Hata duka la mikate naingia nikiwa nimeshakariri nitakachoagiza, na bado natoka na mkate wa mtu mwingine.

Ni hivi. Tangu nimalize shule mwezi wa sita na kuja kukaa na Babu, mimi ndiye macho yake. Ugonjwa umekula sehemu ya katikati, sasa anaona pembeni tu. Akitaka kuuona uso wako anatazama sikio lako. Kahawa anajimiminia kwa kusikiliza sauti ya kikombe, lakini vile vifaru vyake vidogo vya plastiki hawezi tena kuvipaka rangi. Kwa hiyo mimi napaka, yeye anaamuru. Tarehe 26 Oktoba ni maonyesho ya chama cha modeli kwenye ukumbi wa mji, na anasema kwake haya ni ya mwisho. Anataka kuonyesha kifaru cha baba yenu: Tripoli, Machi 1941, juu ya mchanga, na Baba Hinrich amesimama mbele yake mikono kiunoni, kama kwenye ile picha ya ukutani.

Unajua alivyo. Katika chama wanamwita Mhesabu Ribiti, yaani mtu wa kuhesabu kila kipini cha chuma, naye anaona ni sifa. Miaka kumi na moja iliyopita alimwambia Bwana Quast, mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa ameleta kifaru aina ya Tiger, mbele ya watu wote: "Tiger yako inafanya nini El Alamein, Quast? Imekwenda likizo? Tiger ya kwanza ilishuka Tunisia vita vya El Alamein vilipokwisha, na Tunisia msimu ule ilikuwa tope na mizeituni, si matuta haya uliyoyamwaga kama sukari!" Watu walicheka mpaka Quast akafunika modeli yake kwa koti.

Kanuni ya chama ni kwamba kila onyesho liambatane na picha ya ushahidi. Picha ya ukutani haikuwahi kutolewa kwenye fremu. Babu husema anaijua kama sala ya Baba Yetu. Jumanne iliyopita alinituma niitoe, akanipa kioo cha kukuzia. "Hesabu boliti za bamba la mbele," akasema. "Usikadirie. Hesabu."

Bibi, hakuna boliti. Kuna viduara vilivyochorwa kwa brashi, na kimoja rangi yake imechuruzika. Bamba la mbele limejikunja pembeni kama kitambaa cha meza. Minyororo nayo imechorwa, na pale turubai lilipoinuliwa na upepo linaonekana gurudumu. Gurudumu la mpira, la gari dogo.

"Ngapi?" Babu akauliza.

Nikamtajia idadi iliyomo kwenye kitabu chake cha vifaru. Akafurahi, akasema, "Naam! Ndivyo hasa!"

Nyuma ya picha kumeandikwa kwa penseli: "Tripoli, 3/41. Mimi na mwenzangu wa boksi." Najua neno hilo. Ni ile sanamu ya askari ya karatasi ngumu inayosimamishwa kwenye mazoezi ili ipigwe risasi.

Bibi, wewe ulikuwa unajua? Nifanye nini?

Wako,
Fenja


Husum, 8 Septemba 2013

Fenja mjukuu wangu,

Barua yako imenikuta namenya kamba, na sasa karatasi yako inanuka kamba, usishangae ukirudishiwa siku moja.

Picha za zamani zina ukungu. Watu wa siku zile walikuwa na kamera mbovu na penseli za utani. Wewe paka rangi, usichimbe. Irudishe picha kwenye fremu, uipigilie vizuri, umwambie kwamba karatasi yake ni dhaifu na ushahidi watumie kitabu.

Babu yako Ewald ana miaka sabini na minne. Amekuwa na baba wa chuma tangu akiwa na miaka saba. Mwache naye.

Hapa upepo umeanza na jirani yangu Bi. Carstens amenunua mbwa anayebweka mchana kutwa. Wote wanalalamika isipokuwa mimi. Uziwi nao una baraka zake.

Kula vizuri. Ulipokuja Pasaka ulikuwa umekonda kama ufagio.

Bibi yako,
Gesine


Holtwede, 15 Septemba 2013

Dada Gesine,

Naandika kwa mkono wa Fenja. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu ulivyokuwa, kwa hiyo usiseme husomi.

Kifaru cha baba kimekaribia kumalizika. Kijivu, Gesine! Najua utauliza kwa nini si rangi ya mchanga. Kwa sababu vilishuka bandarini na rangi ile ile vilivyotoka nayo nyumbani, kijivu cha mawingu ya Novemba, na wale wanaopaka njano kwa Machi 1941 waniambie ni malaika gani aliyewapelekea ndoo ya rangi. Tope la mafuta na mchanga, sawa. Njano, hapana. Quast atakuja na tochi yake akitafuta kosa, na hatalipata. Nimetafuta miaka arobaini. Nimejenga vifaru vya watu wengine mia na kitu, hiki cha baba nilikiacha mpaka niwe na hakika ya kila kitu. Nimechelewa, macho yameondoka, lakini nimepata macho mengine.

Fenja anasema karatasi ya picha ni dhaifu. Nimemwambia, mwanangu, karatasi hiyo imekaa Afrika, imekaa kwenye kambi ya mateka Amerika ndani ya soksi ya baba, haitakufa kwa kubebwa mpaka ukumbini. Ijumaa tutaipeleka kwa Quast mkononi. Kanuni ni kanuni. Nikivunja mimi, nani atazishika?

Nataka na wewe uje. Nataka uwepo siku watu watakapomwona baba.

Ndugu yako,
Ewald

Bibi, hapa ni mimi. Anadhani naandika anwani. Nimejaribu kusema kuhusu kitabu, hataki. Ijumaa picha inaondoka. Tafadhali niambie ukweli, kwa sababu naandika kwa mkono huu maneno nisiyoyaamini. F.


Husum, 20 Septemba 2013

Fenja,

Basi kaa chini.

Mwaka 1951 Ewald alikuwa na miaka kumi na miwili. Alirudi kutoka shule pua inavuja damu kwa sababu mtoto wa mwashi alimwambia, "Babako alikuwa seremala tu huko vitani." Ewald alimvunja jino. Jioni hiyo mimi nilimpelekea baba supu ya njegere karakanani. Nikamwambia, baba, umwambie mtoto jambo la kujibu watu, waonyeshe kifaru chako. Baba akaweka randa chini.

Akaniambia hivi: walipofika Tripoli vifaru vilikuwa vichache, na wakubwa walitaka Mwingereza aone vingi. Wakauliza ni nani seremala. Baba akanyoosha mkono, akidhani ni kazi ya meza na vitanda. Wakampa mbao, maturubai na magari madogo. Akajenga vifaru. Kisha wakamwambia aliyejenga na aendeshe.

Nikamuuliza, "Mbona ulimwambia Ewald ulikuwa na kifaru?"

Akasema, "Sikumwambia hivyo. Nilisema gari langu. Lilikuwa gari. Mtoto ndiye aliyelifunga mzinga."

Na huo ndio ukweli, Fenja. Watu wa vifaru wote huita kifaru gari. Baba alisema gari, Ewald akasikia kifaru, na kila mwaka likaongezeka unene wa chuma. Baba hakusema uongo wala hakusahihisha.

Kwa nini hakusahihisha, hilo sijawahi kumwambia mtu. Alikuwa na rafiki, Alwin, kijana wa Salzwedel. Kazi ya kile kitu, elewa, ilikuwa kulengwa. Siku ndege zilipokuja, baba alikuwa nje anakaza msumari uliolegea, na Alwin ndani anazungushazungusha gari ili vumbi lipande. Turubai lililopakwa rangi huwaka kama nyasi kavu. Baba aliyapima mwenyewe mabamba yale, akayakata mwenyewe. Barua iliyokwenda kwa mama yake Alwin ilisema ameanguka ndani ya kifaru. Baba alikwenda Salzwedel mara moja aseme ukweli, akanywa kahawa, akarudi bila kusema.

Akaniomba nisimwambie Ewald. Nimeshika ahadi miaka sitini na miwili.

Na usidhani nawalilia sana. Kiwe cha chuma au cha turubai, walikuwa kwenye malisho ya mbuzi wa watu, na hakuna Mlibya aliyewaalika. Hilo nalo lingefaa kuandikwa kwenye kile kibao cha maonyesho, lakini sijaona mtu anayehesabu boliti zake.

Sasa sikiliza. Hili si lako, ni langu. Tarehe 5 nitapanda treni, nije, nimshike mkono, nimwambie. Wewe hutasema neno. Mpaka nifike, paka rangi.

Gesine


Husum, hospitali, 2 Oktoba 2013

Fenja mwanangu,

Nimeanguka kwenye ngazi za dari nikishusha sanduku la safari. Nyonga. Wamenikata na kuniunga kama kiti. Daktari anasema wiki sita kabla ya kufikiria treni, nami nimemwambia daktari ana miaka ya mtoto wa kipaimara, hakusikia au alijifanya kiziwi kama mimi.

Hiyo tarehe 5 haipo tena. Nisamehe.

Gesine


Chama cha Modeli, Ofisi ya Mwenyekiti
9 Oktoba 2013

Kwa Binti Fenja Brammer,

Nakuandikia wewe na si babu yako, kwa sababu ninavyofahamu, barua yoyote itakayofika kwake utaisoma wewe. Naomba hii usiisome kwa sauti.

Nimeichunguza picha mliyoleta Ijumaa ya tarehe 20. Nimeichunguza mara tatu. Nadhani unajua nilichokiona, kwa sababu ulipokuwa unanikabidhi ulikuwa umeishika kama mtu anayekabidhi kisu.

Sitakuficha. Kwa miaka kumi na moja nimengoja Ewald Brammer akosee hata rangi ya ndoo. Nilipoona lile gurudumu nilisimama, nikamwita mke wangu. Kisha nikakaa tena, na sikumwambia kitu.

Lakini kanuni ya nne inasema onyesho na ushahidi lazima vilingane, na kanuni hiyo aliiandika babu yako mwenyewe. Kifaru cha chuma na picha hii havilingani. Waamuzi wengine wawili wataiona picha asubuhi ya tarehe 26, na mmoja wao hana simile. Kwa hiyo ama onyesho liondolewe, ama lisahihishwe, pamoja na kibao chake. Siwezi kupindisha. Nikipindisha kwa ajili yake, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kunishtaki.

Kama mtaondoa, nitasema ukumbi umejaa.

D. Quast


Holtwede, 14 Oktoba 2013

Bibi mpendwa,

Pole sana kwa nyonga. Natumaini wanakupa chakula chenye chumvi.

Nimekuambatishia barua ya Bwana Quast. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Jana Jumapili nilijaribu kumwambia Babu mwenyewe. Nilioka keki ya plamu ili mikono yangu iwe na shughuli. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye kiganja, kama shuleni.

Nikasema, "Babu, je, kama lile gari la Baba Hinrich halikuwa..."

"Halikuwa nini?"

Na sentensi iliyokuwa kiganjani ilikuwa imefutika kwa siagi. Nikasema, "Halikuwa la kijivu?"

Bibi, alicheka kwa furaha kweli! Akagonga meza. "Ehe! Sasa umeanza kuuliza kama mtu wa fani! Kaa hapa nikueleze." Akanieleza kijivu kwa saa nzima. Plamu zikapoa. Mwishowe akasema, "Unajua kwa nini nawabana watu kwa boliti, Fenja? Siyo ubishi. Baba alikuwa hasemi. Miaka yote ile, chakula, kazi, kanisa, kitanda. Chuma tu ndicho nilichoweza kukijua juu yake. Nikasema, nikikijua chuma chote, kila msumari, nitakuwa nimekaa naye mle ndani kidogo."

Nikaosha vyombo.

Quast anasema tuondoe au tusahihishe. Nikiondoa, Babu ataamini wamemkataa kwa sababu ya upofu, na siku mbili hizi anasema hana kingine anachosubiri duniani. Nisipoondoa, yule mwamuzi atasema mbele ya watu, kama Babu alivyosema ile siku ya Tiger. Si huku si huko. Kila ninapogeuka kuna ukuta.

Wewe unamjua tangu amezaliwa. Mwandikie wewe, Bibi. Neno lako atalichukua.

Fenja


Husum, 18 Oktoba 2013

Mwanangu,

Nimemwandikia mara tatu. Zote nimezichana. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya pili fupi, ya tatu ilikuwa nzuri, nikaikunja kabisa. Kisha nikajiuliza, nani atakayemsomea? Wewe. Kila neno ninalotaka kumwambia ndugu yangu lazima lipite kinywani mwako, na kinywa chako ndicho ninachojaribu kukiokoa. Kumpigia simu siwezi, nitasema nisisikie analia au anacheka. Mama yako hana haja ya kujua, angelisema vibaya, ni mtu wa haraka.

Nimelala hapa naangalia dari. Mwenzangu wa kitanda cha pili anaangalia televisheni. Sijui la kukuambia. Nina miaka sabini na minane na sijui. Lolote utakalofanya nitasema ni mimi niliyekuagiza.

Gesine


Holtwede, 28 Oktoba 2013

Bibi,

Nimefanya, nakuambia kama lilivyokuwa.

Jumatatu ya tarehe 21 jirani, Mama Lüders, alimpeleka Babu Hannover kudungwa sindano ya jicho. Walikuwa na safari ya mchana mzima. Walipogeuka kona nilikaa mezani na kisu chake kidogo. Nilizikwangua boliti zote, moja moja. Niling'oa minyororo. Kwenye boksi la gari dogo lililokuwa halijajengwa nikachukua magurudumu manne, nikayaweka chini. Turubai nililitengeneza kwa karatasi laini iliyolowekwa gundi, nikalikunja pembeni kama lilivyojikunja kwenye picha. Viduara nikavichora kwa brashi, na kimoja nikakiacha kichuruzike. Babu amenifundisha vizuri. Kisha nikakifunika kwa kasha la kioo, kwa sababu kanuni inaruhusu kioo, na aliporudi nikamwambia vumbi litaharibu rangi.

Kibao nikaandika upya: "Kifaru bandia cha mbao na turubai juu ya gari dogo. Tripoli, Machi 1941. Kimejengwa na kuendeshwa na seremala Hinrich Brammer. Kilijengwa ili kilengwe. Katika kingine kama hiki alikufa Alwin wa Salzwedel. Ardhi ni ya watu wa Libya." Hilo la mwisho nililiweka kwa ajili yako.

Jumamosi Babu alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Mama. Nikamkalisha kwenye kiti pembeni ya onyesho, na watu wakaanza kuja. Walisoma, wakainama kwenye kioo, wakainuka taratibu, wakamtazama. Yeye akisikia viatu vimesimama anaanza: "Tani ishirini za chuma, bwana! Uko mbele ya tani ishirini!" Nao wanasema, "Naam, Bwana Brammer." Hakuna aliyecheka. Ningependa mmoja acheke.

Mama mmoja alimshika bega, akamwambia, "Hongera kwa kusema ukweli." Babu akajibu, "Ukweli ni boliti, mama. Ukizihesabu hazikudanganyi."

Alasiri walitangaza. Nafasi ya kwanza kwa usahihi wa kihistoria. Quast mwenyewe aliileta, akamshika mkono Babu kwa mikono yake miwili. "Brammer," akasema, "jambo hili linataka moyo."

"Kwa macho haya? Linataka moyo na mjukuu," Babu akasema. "Na kosa? Umetafuta kosa?"

"Nimetafuta."

"Umelipata?"

Quast akanitazama mimi. Akasema, "Hakuna kosa, Ewald. Ni onyesho sahihi kuliko yote niliyoyaona ukumbini humu."

Babu akageuza uso pembeni ili amwone. Kisha akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Fenja, nisomee kibao."

Walikuwepo watu wanne au watano. Waamuzi pia. Nikasoma, Bibi. Mimi ambaye siwezi kuagiza mkate. Nikasoma kwa sauti kile kibao cha zamani, alichoniandikisha Babu na ambacho hakikuwa tena hapo, tangu "kifaru cha baba yangu" mpaka "kila boliti imehakikiwa." Macho yangu yalikuwa juu ya neno turubai na mdomo wangu unasema chuma. Watu wakatazama viatu vyao. Nilipomaliza, Quast akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Ukumbi mzima unajua, na yeye peke yake hajui. Nilitaka kumkinga na aibu, na sasa sijui kama nimemkinga au nimemweka katikati yake na kumfunga macho.

Jumatatu, yaani leo, tumelirudisha nyumbani. Liko mezani na kioo chake. Anaomba kioo kiondolewe. Nimesema rangi haijakauka.

Fenja


Holtwede, 3 Novemba 2013

Bibi Gesine,

Leo asubuhi baada ya kifungua kinywa Babu alisema, "Fenja, rangi gani hii isiyokauka wiki mbili? Umepaka asali?" Kabla sijafika, akakiinua kioo mwenyewe.

Nilisimama na jagi la maziwa mkononi. Ningeweza kuita, ningeweza kuliangusha jagi. Sikufanya lolote.

Kidole chake kilianzia mbele. Kilipita taratibu, kikarudi, kikapita tena. Kikafika kwenye pindo la turubai, kikaingia chini yake, kikakutana na gurudumu. Nilikuwa nimeligundisha vibaya. Lilizunguka. Akalizungusha, akangoja, akalizungusha tena.

Nikaanza kusema, "Babu, mimi..."

"Nyamaza kidogo," akasema, si kwa ukali.

Akaendelea kulizungusha. Mwisho akasema, "Gari. Alikuwa anasema gari langu." Kisha akasema, "Alikuwa seremala mzuri, baba."

Hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia. Aliniuliza nani mwingine anajua, nikamwambia Bwana Quast. Sikumwambia ukumbi. Nadhani alihesabu mwenyewe, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu, na akaketi muda mrefu akitazama dirishani, ambako haoni.

Kisha akanishika mkono, kwa nguvu kuliko anavyonishika tukivuka barabara, akasema, "Gesine asijue. Umenisikia? Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa baba. Ndiye aliyekuwa akimpelekea supu. Amemwamini maisha yake yote. Na nyonga ile, na uzee ule, ukimwambia baba alikaa ndani ya boksi akingoja kupigwa, utamuua. Niapie."

Nikaapa. Sikuweza kufanya jingine. Nilikuwa na barua zako zote nne mfukoni mwa aproni, zikigusa mkono wake.

Tangu hapo hajataja kifaru. Ameniomba nirudishe kioo, na mchana amekula viazi viwili. Nilipomuuliza kama tuanze modeli nyingine akasema atafikiri. Hajawahi kusema atafikiri.

Kwa hiyo, Bibi, wewe hujui. Hukuwahi kupeleka supu karakanani mwaka ule, wala hukuniandikia lolote. Ukija Krismasi na fimbo yako, atakukalisha mbele ya kioo na kukusimulia tani ishirini za chuma, na sauti yake itakuwa inakatikakatika, lakini wewe hutaisikia. Tazama midomo yake tu, utikise kichwa panapostahili. Usimwonyeshe kwa uso, ingawa haoni katikati, pembeni anaona. Na kwamba nimekuandikia haya, tafadhali, usimwambie yeye, usimwambie Mama, usimwambie mtu yeyote.

Fenja